Shimo la Kumi na Tano

Mama Sifa alituacha mwaka huu, wiki ambayo mvua ilikuwa bado haijaamua kama inaanza ama inatudanganya tu. Nilikaa siku tatu kwenye mkeka huko Lilongwe, mtaa wa Chinsapo, chini ya turubai lililofungwa kati ya nyumba yake na ya jirani, pamoja na wanawake ambao nusu yao sikuwajua, na kazi yetu kubwa, ukiacha kulia, ilikuwa kubishana. Tulibishana juu ya chumvi ya maharagi. Tulibishana kama marehemu alipenda sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese mengi ama kidogo, na mi nikaapa kwamba alipenda mengi, mpaka mama mmoja mnene wa Uvira akaniuliza mi ni nani kwake hata nijue mafuta yake. Mi si mtoto wake, si dada yake, na kule Bukavu hatukutoka hata mtaa mmoja. Nikamwambia, "Nilikaa kwake mwaka mmoja, wakati wa bomba." Akatikisa kichwa kama mtu asiyeelewa, akarudi kwa maharagi yake. Hapo njo niliona kwamba wengi waliokaa pale hawajui ni bomba gani. Basi wacha niseme.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nne, kibanda kimoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kazi ya kutafsiri kwenye kliniki ya kambi: tumbo linauma wapi, tangu lini, umekula nini. Muuguzi mmoja wa pale alilipeleka jina langu kwa kampuni iliyokuwa inatafuta mtu. Bomba kubwa la maji machafu la Lilongwe lilikuwa limezeeka. Lilitoka upande wa maofisi na mabenki, likapita chini ya Chilinde, likapita Chinsapo, mpaka kwenye mabwawa ambako maji yanasafishwa kabla ya kurudishwa mtoni, na kwa miaka mingi watu walikuwa wamejenga juu yake, wengine bila kujua, wengine wakijua vizuri kabisa. Sasa lilikuwa linapasuka hapa na pale. Kampuni ilikuwa na watu wa kuieleza kazi kwa Chichewa, lakini haikuwa na mtu wa kuieleza kwetu sisi, ambao kule Malawi tuliitwa wote Maburundi, hata yule ambaye Burundi aliiona tu kwenye ramani ya darasani. Na sisi tulikuwa watu wagumu kuelezwa jambo, kwa sababu sheria ilisema mkimbizi akae kambini, na wengi waliokuwa wanauza na kushona mjini hawakuwa na karatasi ya kukaa mjini. Mi nilipewa karatasi ya ruhusa, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikatafuta pa kulala.

Nilipata kwa Mama Sifa. Binti yake alikuwa ameshaolewa Mzuzu, na yeye alibaki na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, kitanda chake upande huu, godoro langu upande ule. Lakini nyumba yenyewe hasa ilikuwa jiko. Kuta tatu za matofali, bati juu, mabenchi mawili, na katikati ya sakafu ya udongo kulikuwa na duara la zege lililoinuka kidogo, lililosawazishwa vizuri, ambalo alilikuta pale alipopanga. Juu ya duara hilo aliweka mbaula yake ya makaa, na juu ya mbaula sufuria ambayo sikuwahi kuiona ikipoa. Mafundi cherehani na wauza vitambaa wa Congo walikuja pale saa sita kula bugali kwa sombe na ndagala, na Wamalawi wachache walikuja kula chakula kile kile na kukiita nsima. Jioni, wateja wakishaenda, mi na yeye tulikula kutoka sahani moja, tumeinamiana juu ya joto la makaa, na alikuwa akinisukumia vipande vya samaki upande wangu huku akinisema. Nilikuwa mwembamba mno. Nilitembea kama mtu anayedaiwa. Nilisoma magazeti ya watu wengine madukani. Siku nilipomweleza kazi ya bomba alicheka mpaka akaweka mwiko chini, akaonyesha sufuria.

"Kwa hiyo mavi ya bakubwa ba City Centre inapita chini ya marmite yangu," akasema, "na mi mwenyewe niko nafanya foleni kwa choo ya jirani."

Tangazo langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nililiandika usiku na mchana, kwa Kiswahili cha shule, na Jumapili baada ya sadaka pasteri akanipa nafasi mbele ya kanisa la Chinsapo. Nikasimama wima, nikaanza: "Komunike. Wakaaji wote wa mtaa huu, popote walipo, wanatangaziwa kwamba..." Sikumaliza sentensi. Mwanamke wa benchi la tatu aliweka mikono kichwani, mwingine akaanza kulia kwa sauti, na wazee wakainamisha vichwa. Nilikuwa nimesahau kwamba kule kwetu, mtu akisoma komunike redioni kwa sauti ile, kuna aliyekufa. Msimamizi wa kazi, Bambo Mbewe, aliyekuwa amekuja kunisikiliza, alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kwa nini watu wanalilia bomba. Mama Sifa ndiye aliyeniokoa. Alisimama akawaambia, "Hakuna mutu amekufa. Ni mitaro tu. Mukae."

Huyo Bambo Mbewe nampenda mpaka leo, popote alipo. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi, na kila alikokwenda alibeba kipande cha bomba la zamani kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye mkutano hakuanza kwa maneno. Alikizungusha kile kipande mikononi mwa watu, wakakifinya, na zege likasagika vidoleni kama mkate wa juzi. Kisha alieleza kwamba bomba haliozi chini, kule maji yanakopita. Linaoza juu, kwenye nafasi tupu, kwa sababu ya hewa mbaya inayopanda na kulila zege polepole. Na alikuwa na sheria moja kwangu, aliyonifundisha baada ya mkutano wa uani kwa Mama Sifa, pale mi kwa kiherehere changu nilipowaambia wanawake, "Mi nawahakikishia, hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwake." Alingoja mpaka tukawa barabarani, akanitaka nimrudishie maneno yale kwa Chichewa. "Nani amekuambia hivyo?" akauliza. Nikasema hakuna. Akasema, "Mwana wanga, tangazo letu lina mistari mitatu. Tunachokijua. Tusichokijua. Na siku utakayorudi. Ukiongeza wa nne ni wako peke yako, na utaulipa wewe." Tangu siku ile nilirudi kila Alhamisi, hata kama sina jipya. Nilisimama kwenye milango nikasema, sina jipya, nitarudi Alhamisi. Walinicheka. Lakini kufikia mwezi wa pili walikuwa wananiwekea kiti.

Ila ule mstari wa nne ulikuwa umeshatoka mdomoni mwangu, na Mama Sifa alikuwa ameushika.

Kila hatua kadhaa bomba lina shimo la kukagulia, lenye kifuniko, ambalo mafundi huingilia na ambalo hewa hutokea. Kwenye ramani ya zamani mashimo yalikuwa na namba, na upande wetu yote yalionekana isipokuwa la kumi na tano. La kumi na nne lipo, la kumi na sita lipo, katikati ni nyumba tu. Wapimaji wakapima kwa kamba, wakakisia, wakapaka namba 15 kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jiko la Mama Sifa, wakasema wiki ijayo watakuja kuchimba hapo. Ilikuwa Ijumaa, na mi nilikuwa nimeshaondoka kwenda Dzaleka. Nilivyorudi Jumatatu, namba ilikuwa kwenye ukuta wa kanisa.

Mtu asiyewahi kukaa kambini hataelewa. Dzaleka namba ikiandikwa kwenye mlango, ni hesabu. Watakuja kuhesabu vichwa, na ambaye hayupo siku hiyo jina lake linakatwa, hana tena mahindi wala mafuta wala chochote. Sasa namba nyekundu kwenye ukuta wa mkimbizi aliyeko mjini bila karatasi ina maana gani nyingine? Mama Sifa aliisugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka ikabaki doa la waridi. Mashemasi wawili wa kanisa, watu wazima, wenye suti, wakaona heri waiandike upya kanisani, kwa hesabu yao kwamba serikali yoyote ile haiwezi kubomoa nyumba ya Mungu. Wapimaji hawakuwa watu wa mtaa ule, kuta zote kwao zilikuwa sawa. Vibarua walichimba siku mbili kando ya kanisa. Wakapata udongo, na ringi ya baiskeli.

Mi nilijua. Nililiona lile doa siku ile ile, na jioni nilipoketi kula niligonga duara la zege kwa kisigino, kidogo tu, nikasikia chini patupu. Mama Sifa alinitazama. Akaongeza sombe kwenye sahani. Hakuna aliyesema neno, na mi, nawaambia ukweli, nilifurahi kwamba hakuna aliyesema. Niliwaza: kazi yangu ni kupeleka habari kwa watu. Hakuna aliyeniambia nichukue habari kwa watu nizirudishe.

Siku ya tatu, wakati wa chai ya vibarua, Bambo Mbewe alikuwa ananieleza kwa nini amekasirika. Bila shimo la kumi na tano kufunguliwa, hewa haipiti kati ya la kumi na nne na la kumi na sita, na paa la bomba katikati hapo huenda limebaki gamba tu. Mtu lazima aingie akaangalie. "Nitaingia mimi mwenyewe Ijumaa," akasema, akakohoa. "Siwezi kutuma mtoto wa mtu." Nikamuuliza hewa hiyo inafanya nini. Akasema inaweza kumwangusha mtu kabla hajaita. Nikauliza tena, kama mtu anayeuliza tu, na ikikutana na moto? Aliniangalia kwa muda. "Tumshukuru Mungu hakuna anayewasha moto juu ya bomba," akasema.

Jioni ile nilimwambia Mama Sifa kila kitu kabla hajapakua. Bambo Mbewe ataingia Ijumaa na hatapata hewa. Na sisi tunapikia juu ya kitu ambacho siku moja kitatulipua pamoja na wateja. Alinisikiliza akichambua lenga-lenga, jani moja moja.

"Miaka sita napika hapa," akasema. "Moto haijanifanya kitu."

"Mama, zege linaisha. Umelishika mwenyewe kwa mkono, pale mkutanoni."

"Na bakikuya kubomoa, bataandika jina yangu wapi? Kwa buku gani?" Alinyanyua macho. "Mi sirudi Dzaleka, Noela. Kule nitakaa nangojea mahindi ya mwezi sawa kuku. Hapa batu banakula kwangu, banasema aksanti mama, njo najua niko mutu. Shi weye ulisimama hapo hapo uani ukasema hakuna mutu atatoka?"

"Nilisema."

"Basi."

Nilimwomba. Nililia hata. Akanipa kitambaa nipanguse pua, akapakua, tukala, na alipomaliza akasema, "Ukisema, utakuwa umesema. Lakini mi sikutumi."

Nilisema. Alhamisi asubuhi nilimkuta Bambo Mbewe akifunga viatu vya mpira, na nikamwambia shimo liko wapi, na nani anakaa pale, na kwamba hana karatasi, na kwamba nilimwahidi. Nilisema yote kwa pumzi moja kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea. Leo nina zaidi ya miaka arobaini na mitano na nimeshafanya makosa mengi ambayo siyafikirii tena, lakini asubuhi ile bado naigeuza. Nilikuwa sahihi. Najua kwamba nilikuwa sahihi. Na bado nilikuwa nimekula kwenye sahani ya mtu kisha nikaenda kutaja jiko lake, na hakuna namna ya kulisema jambo hilo likawa zuri.

Bambo Mbewe hakwenda na vibarua. Alikwenda peke yake saa sita, mi nyuma yake, akavua kofia ngumu mlangoni, akaketi kwenye benchi, akaomba chakula. Mama Sifa alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisa. Vifurushi vyake viwili vilikuwa vimefungwa tayari kando ya pazia. Hakuniangalia. Alimpakulia, na yeye akala chote, taratibu, akanawa, akasema zikomo. Kisha akaniomba nitafsiri. "Mwambie mimi ni fundi wa bomba, si polisi. Mwambie namwomba siku nne chini ya sufuria yake. Mwambie jiko hili litavunjika, siwezi kusema halitavunjika. Tutamjengea lingine hatua tano upande wa ukuta. Na mwambie kesho atakuja mtu wa ofisi na buku, na mimi sijui ataandika nini." Nilitafsiri, kile alichokijua na kile asichokijua. Mama Sifa akainua sufuria yeye mwenyewe kwa pindo la kitenge, akaiweka chini, akamwaga maji kwenye makaa.

Mtu wa ofisi alikuja kweli Ijumaa, akalikuta jiko halina paa, kifuniko kimefunguliwa, na harufu imewatoa jirani wote nje. Alifungua buku lake akauliza hili ni jiko la nani. Bambo Mbewe alijibu bila kugeuka, akiwa amepiga magoti ukingoni mwa shimo: "Andika ni jiko la kazi. Vijana wangu wanakula hapa." Yule akaandika, akaenda. Na kwa kuwa Bambo Mbewe hakupenda kusema uongo, saa sita ile ile aliwaleta vibarua wote kumi na mmoja kukaa kwenye mabenchi uani, na wakala pale kila siku mpaka kazi ikaisha. Aliingia kwenye bomba mchana, kamba kiunoni, hewa ikipita. Alivyotoka alisema paa la bomba chini ya mbaula lilikuwa jembamba kuliko kidole. Mama Sifa alisikia, nikamtafsiria hata hivyo. Akasema, "Nimesikia."

Jiko jipya lilijengwa, hatua tano kama alivyosema, zuri kuliko la zamani, na saruji iliyobaki ilitengenezwa kuwa meza. Lakini jioni ya kwanza kwenye jiko lile, Mama Sifa alinipakulia kwenye sahani yangu peke yangu. Sahani ya maua, ya wageni, na kijiko juu yake. Alinikaribisha, "Karibu ukule, mama," kwa adabu kabisa, na yeye akaenda kula upande wa pili wa pazia. Kama angenitukana ningefurahi. Ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nilikula samaki mzima, mwenye kichwa na mkia, hakuna mtu wa kunisukumia kipande, na sikuwahi kula vibaya hivyo maisha yangu yote. Ijumaa nikirudi Dzaleka nilikuwa naomba Mungu wanikatalie karatasi ya Jumatatu.

Kisha kazi ikahamia Chilinde, na huko mambo yakaniharibikia kabisa. Habari ilikuwa imenitangulia. Wanawake wa Fizi wanaouza nguo za mitumba walikuwa wameshaambiana: huyo binti wa karatasi anaingia kwako, analala kwako, anakula kwako, halafu anakuuza. Siku tatu nilipiga hodi Chilinde. Nilisikia redio ndani, nilisikia watoto wakinyamazishwa, na mlango haukufunguka. Kule pia kulikuwa na majiko juu ya bomba. Nilimwambia Bambo Mbewe kwamba mimi sifai tena, atafute mwingine. Akasema hana mwingine, nirudi kesho kama nilivyowaahidi. Jioni nilimweleza Mama Sifa, si kwa kutaka chochote, ila kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Alikuwa anaosha masufuria.

Kesho yake nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa mama mmoja wa Fizi ambaye wenzake wote walikuwa wanamsikiliza, tangazo mkononi, nimeshapiga hodi mara ya tatu, niliposikia sauti ninayoijua ikimgombeza mwendesha kabaza kwamba amempitisha kwenye mashimo yote ya Lilongwe. Mama Sifa alishuka kwenye baiskeli, akapanguza vumbi, akafunga kitenge vizuri. Kazi ya sufuria alikuwa ameiacha na nani, sikujua. Hakunisalimia. Alinisogeza pembeni kwa mkono, akagonga mlango kwa ngumi kama mwenye nyumba, akataja jina lake na jina la kanisa lake, na akaongeza kwamba hatagonga mara mbili.

Mlango ukafunguka kidogo. Nyuma ya yule mama niliona wengine watatu wamekaa, wananitazama.

"Huyu njo alinivunjia jiko," Mama Sifa akasema, akinionyesha kwa kidole. "Mumusikilize."

Yule mama alitutazama, mmoja, kisha mwingine. Akafungua mlango wote, akatoa kiti kimoja. Mama Sifa akakikalia yeye, na mi nikasoma tangazo nimesimama, nikilia.